Mafuta ya Chipsi na Damu ya Nguruwe wa Nyambura

Nyinyi vijana mnaofuga nguruwe kwa simu, iwekeni chini kidogo mnisikilize. Siichukii simu. Mjukuu wangu Nyambura amejifunza mengi humo, na mengine ameniambia nikayatumia. Lakini simu haina mkono wa kumfungua nguruwe jicho.

Shule niliiacha mapema, kabla hawajafika kugawanya. Kusoma nasoma, Biblia na maandishi ya gunia. Kazi yangu ilikuwa kulisha nguruwe katika shamba moja kubwa nje ya Ruiru, wale wa katikati, walioachishwa kunyonya lakini hawajafika kilo za kuuzwa. Niliingia pale nikiwa bibi arusi wa juzi, nikatoka nikiwa cucu, bibi wa wajukuu. Sasa nakaa Makongeni hapa Thika, na watu bado wananiletea maswali ya mifugo kama nina ofisi. Najibu tu. Na swali ambalo vijana huniuliza kuliko yote ni hili: cucu, nikimwaga mafuta kwa chakula, nguruwe si atakua haraka?

Atakua. Sasa kaa nikuambie anavyoweza kufa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mutua, Mkamba mmoja mwembamba kutoka upande wa mashariki wa Thika, huko wanakolima mahindi kwa udongo mgumu. Alikuwa ananiita mwiitu, yaani msichana kwa lugha yao, hata nilipokuwa na watoto wanne na goti linalolia. Kikamba mimi sijui, na Kikuyu chake kilikuwa cha kununua ndizi. Kwa hivyo tuliongea Kiswahili, na hiki ninachoandika hapa nusu yake ni chake.

Siku yangu ya kwanza nilisimama kwa banda nikamsifu nguruwe mmoja.

"Umependa nini kwa huyo?" Mutua akauliza.

"Anang'aa."

"Hiyo ni koti. Hujaona mtu amevaa koti zuri na ana malaria?"

Akaingia, akamkamata, akamvuta kope ya chini kwa kidole gumba. Akaniambia niangalie ile nyama ya ndani. Nikamwambia ni nyeupe. Akaniambia nifungue mdomo wangu, nivute mdomo wa chini mbele ya kioo cha lori lililokuwa limesimama pale, niangalie ndani. Ilikuwa nyekundu ya waridi. "Nguruwe pia anataka hivyo," akasema. Kisha akainua sikio la yule mnyama jua likiwa nyuma yake. Sikio la nguruwe mweupe ni jembamba, na akiwa na damu nzuri utaona mishipa imetambaa ndani kama mizizi ya nyasi. Hilo halikuwa na mizizi. Lilikuwa kama karatasi ya kufungia nyama kabla nyama haijawekwa.

Nilishika masikio mengi katika shamba hilo. Nguruwe akishikwa sikio hupiga kelele ya mtu anayenyang'anywa shamba, kwa hivyo sikio langu la kushoto halisikii vizuri. Pua nayo ndiyo ilikufa kabisa. Ule mkojo wa banda lililofungwa unauma mpaka ndani ya kichwa, na miaka yote ile ya kuuvuta iliniachia pua ya kuwekea miwani tu. Ukiniletea maziwa ya juzi nitayanywa na nikushukuru.

Mafuta tulitumia, msifikiri mmeyavumbua nyinyi. Yalitoka kichinjioni, mafuta ya ng'ombe, magumu kama sabuni ya kipande. Mutua aliyayeyusha asubuhi kwa sufuria kubwa, akayachanganya na chakula cha siku hiyo peke yake. Cha kesho hakuchanganya leo, hata ungemwambia mvua inakuja. Kipimo chake kilikuwa kikombe cha bati kilichovunjika mkono. Siku moja kikombe kilipotea, akatumia kingine cha jikoni kwake, kikubwa, akidhani ni sawasawa. Banda zima likaharisha. Aliliosha peke yake, hakutaka tumsaidie, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya mtu aliyekasirika. Aliponunua kikombe kipya alikifunga kwa waya kwenye mlingoti, na kwa miaka mingi mtu akitaka kupima mafuta alilazimika kwenda na sufuria mpaka kwa mlingoti.

Neno lake lilikuwa hili: mafuta ni makaa. Yanampa mnyama moto na nguvu, anapata uzito bila kula mlima wa pumba, na chakula hakiwi vumbi la kumfanya apige chafya. Lakini makaa si chakula na makaa si damu. Damu inataka chuma, inataka protini, inataka majani mabichi. Mtoto wa nguruwe akizaliwa juu ya simiti lazima adungwe sindano ya chuma akiwa na siku chache, kwa maana maziwa ya mama yana chuma kidogo na simiti haina kitu. Zamani alichimba udongo kwa pua akajitafutia mwenyewe.

Shida ni kwamba sisi Wakikuyu tuna imani yetu kuhusu mafuta, na Mutua hakuwahi kuiweza. Mwanamke akizaa, tunamchinjia kondoo dume aliyefugwa ndani ya nyumba akilishwa majani ya viazi vitamu mpaka kuinuka ni kazi. Mafuta yake yanayeyushwa, mzazi anayanywa. Mimi nilinyweshwa na mama mkwe akiwa amesimama mlangoni nisipate pa kutorokea. "Kunywa, damu irudi." Damu ilirudi. Labda ni ile supu ya nyama iliyokuja pamoja nayo, au ni kwa sababu kuna mtu aliyenifulia nepi nikalala. Lakini neno limekaa kwetu: aliyenona ana damu, anayeng'aa ana damu. Kila mtoto wetu analisikia akiwa bado mgongoni.

Nyambura pia alilisikia.

Wacha sasa nimsifu kidogo, hamtanizuia. Nyambura ni binti wa mwanangu wa pili. Alikuwa anauza nguo dukani, akaacha, akakodi kipande cha shamba pembeni mwa Ruiru, akajenga mabanda na akamwaga simiti kwa mkono wake mwenyewe. Akina mama wa kanisa lake walimwona. Walikuwa na kikundi, na kikundi kilikuwa na mpango mzuri sana: kila mama apewe nguruwe mmoja jike ambaye hajazaa bado, amtunze kwake, na akizaa mara ya kwanza arudishe mtoto mmoja jike, apewe mama mwingine anayengoja. Kabla hujarudisha, huuzi na huchinji. Kikundi kilinunua majike kumi na wawili waliotoka tu kuachishwa kunyonya, wakakabidhiwa Nyambura awalee mpaka wawe na nguvu za kuhamishwa. Mmoja kati yao angekuwa wake, kwa kazi hiyo.

Kuna mama pale ambaye hajawahi kumiliki kitu chenye miguu minne isipokuwa meza. Wa aina yake ndio waliokuwa wanangoja. Na kuna wengine waliosema wazi kwamba Nyambura ni mtoto, ataharibu. Wale nguruwe wakifa, mpango wote umekufa, na hakuna mtu wa kanisa hilo angempa Nyambura hata paka amwangalie.

Sasa yeye akaona kwenye simu kwamba mafuta hukuza nguruwe. Na mafuta yako wapi ya bure? Githurai 45. Vile vibanda vya chipsi vimepangana pale vinakaanga kutoka asubuhi, na mafuta yakishakuwa meusi mpaka viazi vinatoka na rangi ya kiatu, wenyewe wanayatoa. Nyambura akawa anayabeba kwa mitungi, anayamimina kwa pipa la plastiki nyuma ya banda, kwa jua. Pipa likikaribia kuisha anaongeza mengine juu. Kwa hivyo halikuisha kamwe, na yale ya chini yalikuwa na umri wa pipa lenyewe.

Nilienda kumtembelea Jumapili moja baada ya ibada. Nikamkuta na Mama Kezia, mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kusimamisha lori.

"Cucu wa Nyambura, njoo uone uzuri," akaniita. "Hawa wamejipaka mafuta. Utafikiri wanaenda kuposwa."

Ni kweli walikuwa wanang'aa. Weupe, wa mviringo, manyoya yamelala kama yamechanwa. Nyambura alikuwa amesimama kando akijizuia kutabasamu. Nikavua viatu nikaingia.

"Cucu, na hiyo nguo ya kanisa?"

"Itafuliwa."

Nikamshika wa kwanza nikavuta kope. Ndani ilikuwa nyeupe kama ugali. Nikashika wa pili, ugali. Wa tatu nikainua sikio kwa jua, hakuna mizizi. Nikamwachilia. Nguruwe wa umri ule ukimwachilia hukimbia kwenda kuwashtakia wenzake. Huyo alikaa chini palepale kama mtu aliyepanda ngazi.

"Nyambura," nikasema, "hawa hawana damu."

"Hawana damu na wanang'aa hivi?" akasema Mama Kezia. "Hata mimi ukinivuta jicho hivyo nitabadilika rangi."

"Wewe ukikosa damu tutajua, kelele itapungua."

Alicheka, lakini Nyambura hakucheka. Aliniuliza ni nini. Nikamwambia ni chuma, kwa sababu ya simiti, nilikuwa nimeona jambo hilo mara nyingi na nilikuwa na hakika kama mhubiri. Akasema walidungwa wakiwa wadogo, mwenye kuwauza alimhakikishia. Nikamwambia basi haikutosha. Nikarudi siku iliyofuata na gunia la udongo mwekundu, nikawamwagia, wakaula kama keki. Tukawapa dawa ya minyoo pia. Nikangoja rangi irudi, lakini kope ziliendelea kuwa ugali. Nikaamua udongo ni polepole, nikaenda duka la dawa za mifugo nikanunua chupa ya dawa ya chuma ya kudunga, nikaitia kwa mkoba.

Nilikuwa njiani nayo Nyambura aliponipigia simu. Alisema maneno mawili tu. "Cucu, mmoja."

Alikuwa ameinuka kukimbilia chakula, akaanguka ubavu, akafa. Hakukohoa wala hakuwa amekataa kula jana yake. Nilipofika, Nyambura alikuwa amemfunika kwa gunia na amemwita daktari wa mifugo.

Daktari Atieno alikuja kwa pikipiki yake mwenyewe, msichana wa miguu mirefu na buti za mpira. Kabla hajauliza kitu aliingia akavuta kope kwa kidole gumba, vilevile kama Mutua, nikampenda hapohapo. Alichukua damu shingoni kwa vichupa. Damu ilitoka nyepesi, kama juisi ambayo mama ameiongeza maji ili itoshe watoto wote. Kisha akasema tumpasue aliyekufa.

Nimeona nguruwe wengi ndani. Mafuta ya nguruwe huwa meupe kama mshumaa. Ya huyu yalikuwa manjano yanayoelekea kahawia, kama nta ya mzinga wa zamani. Na moyo ulikuwa na alama za damu mahali pengi, kana kwamba mtu ameudungadunga kwa pini. Atieno aliinuka na kisu mkononi, akageuza uso huku na huku.

"Ni nini inanuka?"

"Nguruwe," nikasema.

"Hapana, cucu. Nguruwe nawajua. Hii ni kama rangi ya kupaka madirisha."

Nikainua pua yangu nikavuta kwa nguvu, na ilikuwa kama kuvuta ukuta.

"Sisi tumezoea, Daktari," akasema Nyambura.

Atieno alifuata ile harufu mpaka nyuma ya banda, akafungua kifuniko cha pipa, akageuza uso haraka.

"Mnawapa hii?"

"Ni mafuta tu. Ya chipsi. Ndio waongeze damu."

"Nani alikuambia mafuta yanaongeza damu?"

Nyambura aliniangalia mimi. Angeanzia kwa nani? Ni ukoo mzima.

Daktari hakumgombeza, na kwa hilo nitamwombea mpaka nife. Alikaa juu ya mtungi akatueleza kwa maneno ya kawaida. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi halafu yakawekwa juani yameoza, ingawa huoni funza. Mwilini kuna mlinzi anayechunga damu na moyo visiungue na uozo huo, anaitwa vitamini E, na huingia na chakula. Mafuta yaliyooza yanammaliza huyo mlinzi hata kabla nguruwe hajameza, humo humo kwa hori. Damu ikikosa mlinzi inapasuka ndani kwa ndani, na moyo nao unajeruhiwa. Huku nje ngozi inang'aa, kwa sababu mafuta ni mafuta.

"Kwa hivyo si chuma," nikasema.

"Hawa si chuma, cucu. Na nimefurahi hamkuwadunga. Nguruwe aliyekosa vitamini E ukimdunga chuma, anaweza kufa siku hiyo hiyo."

Mkoba ulikuwa begani mwangu na chupa imo. Niliushusha polepole, nikatoa ile chupa nikampa. Aliisoma, akaniangalia, akairudisha mkononi mwangu.

"Weka vizuri. Itafaa watoto wachanga, siku mama zao wakizaa. Lakini mama zao kwanza wawe wazima."

Nilikaa chini juu ya simiti na nguo yangu ya pili nzuri. Sijui kama umewahi kukoswakoswa na gari. Ilikuwa hivyo.

Aliwadunga wote vitamini E na madini yanayokwenda nayo. Akatuambia tusugue hori kwa maji moto na sabuni, chakula kilichochanganywa tukitupe chote, tuwape kingine kipya kisicho na tone la mafuta, na majani mabichi kila siku. Neno la mwisho ndilo lililotuondolea usingizi. Alisema tusiwakimbize wala tusiwashtue. Damu itarudi baada ya wiki kadhaa, lakini moyo uliojeruhiwa unaweza kuonekana mzima mpaka siku nguruwe atakapokimbia. "Kama kuna mwingine wa kuanguka," akasema, "ataanguka siku ya kuhamishwa."

Na kuhamishwa kulikuwa Jumapili iliyokuwa inakuja.

Daktari alipoondoka, Nyambura alikaa akikwaruza matope kwa kijiti.

"Cucu, bado wanang'aa," akasema. "Nikiwapeana Jumapili, mtu akifiwa kwake, atajuaje ni mimi?"

"Mama Kezia atajua. Huyo hujua hata nani hakuoga."

"Watasema walijua mimi ni mtoto."

"Watasema. Nenda uwaambie kabla hawajaambiwa na mtu mwingine."

Tulienda pamoja kwa Mama Kezia jioni ile. Tulimkuta anapigilia mabati kwa banda dogo, jipya, lililokaribiana sana na nyumba. Nyambura alimwambia yote akiwa amesimama: mafuta, pipa, damu, moyo. Hakujificha nyuma ya mtu, na mimi nilikaa kimya, jambo ambalo kwangu ni kazi ngumu.

Mama Kezia aliweka nyundo chini. "Kwa hivyo Jumapili hakuna nguruwe."

"Hakuna."

"Na mimi nimejenga. Unaona nimejenga karibu na dirisha? Ni ndio nikiamka nimwone."

"Naona, mama."

"Na yule aliyekufa ni wa nani?"

Hawakuwa wamegawana bado. Hakuna aliyekuwa na jina kwa nguruwe yeyote. Ingeweza kupigwa kura, mtu akose, iwe bahati mbaya yake.

"Ni wangu," akasema Nyambura.

Sikumtuma aseme hivyo. Niliangalia chini nisionekane uso. Mama Kezia akaokota nyundo.

"Basi utatuita wakipona. Lakini hilo pipa nataka kuliona likimwagwa, kwa macho yangu."

Alikuja kesho yake akasimama mikono kiunoni mpaka tone la mwisho likaingia kwa shimo tulilochimba mbali na kisima na mboga.

Zikaja zile wiki za kungoja. Nyambura aliwavuta kope kila asubuhi, polepole, akiwakuna tumbo kwanza ili wasishtuke. Mtu akipita na pikipiki yenye kelele alikimbia barabarani kumsihi. Nilimwambia azoeze mkono wake kujua tofauti ya jana na leo, kwa maana rangi hairudi kama taa ya stima. Inarudi kama nguo iliyochovywa rangi kidogo kidogo. Nilikuwa sokoni nachagua vitunguu aliponipigia. "Cucu, kuna pinki." Niliweka vitunguu chini nikaondoka bila kununua, yule mwenye kuuza akafikiri amenikosea.

Sasa nyinyi msiende kusema cucu amekataza mafuta. Siwezi. Siku hizi hapa Thika kuna viwanda vinavyokamua njugu za makadamia, na yale makapi yanayobaki bado yana mafuta mazuri kwa nguruwe anayekua. Wengine wanatumia nyama ya avokado kutoka kwa wanaokamua mafuta, bila mbegu na bila ganda. Mutua angeona hayo angevua kofia. Lakini nunua kidogo, kiishe, ndio ununue kingine. Kiweke kivulini, kifunike. Usimimine kipya juu ya cha zamani, osha chombo kwanza. Anza na kipimo kidogo sana na umuulize daktari kabla ya kuongeza. Na kama wewe mwenyewe huwezi kukila kwa sababu ya harufu, usijiambie nguruwe ni nguruwe. Tumbo lake ni gumu. Damu yake ni laini kama yako.

Walihamishwa Jumamosi moja asubuhi. Akina mama walikuja na kamba, na leso za kichwa za siku kubwa, na mmoja na mkokoteni aliotandika blanketi. Daktari Atieno alikuja bila kuitwa. Alisema kila mtu atembee na wake polepole, kama anatembea na mgonjwa aliyetoka hospitali. Wote wakasema ndiyo, Daktari.

Wa kwanza alitoka vizuri. Wa pili pia. Wa tatu alikuwa wa Mama Kezia. Alifunga kamba mwenyewe, akakataa kusaidiwa, na hatua chache baada ya mlango nguruwe akatikisa bega, kamba ikabaki mkononi mwa mwenyekiti, mnyama akatoka mbio.

Mama Kezia akapiga ile sauti yake. Nusu ya kikundi ikaanza kumfukuza.

"Msimkimbize," Daktari akasema, lakini nani angesikia. Nguruwe alizunguka tangi la maji, akaingia kwa mahindi, akatokea upande mwingine na mama wawili nyuma yake wameshika sketi juu. Akarudi tena kwa tangi. Nyambura alinishika mkono, kucha zikaingia. Sikuangalia kitu kingine ila miguu ya nyuma ya yule mnyama. Nilikuwa nangoja ikunjike. Alipita mbele yetu karibu sana nikasikia pumzi yake, na Mama Kezia akateleza akaingia mzima kwenye nyasi za nepia.

Nguruwe akasimama kando ya sukuma wiki za jirani. Mbavu zilikuwa zinapanda na kushuka. Akainamisha kichwa. Nyambura alifumba macho.

Mimi sikufumba. Niliona anachoinamia. Alishika jani la sukuma, akalivuta, akaanza kula, na masikio yake yakawa yanapepea kama ya mtu aliyekaa hotelini.

Daktari alimwendea taratibu, akapiga goti, akaweka kile chombo chake cha kusikilizia nyuma ya mguu wa mbele. Alisikiliza muda mrefu.

"Huu moyo," akasema mwishowe, "ni mzuri kuliko wa Mama Kezia."

"Nimesikia," nepia ikajibu.

Wengine wote walitoka salama. Mama Kezia alikuwa wa mwisho kuondoka, leso imejaa majani, kamba imefungwa mara hii na Nyambura. Alisimama mlangoni akageuka.

"Mtoto jike wa kwanza kurudishwa kwa kikundi atakuja hapa kwako. Tumeshasemezana na wengine. Na huyo usimpake mafuta."

Akaenda zake akimsukuma nguruwe kwa goti na kumsimulia kuhusu dirisha.

Mabanda yakabaki matupu. Nyambura alipindua hori, akalikalia, akaanza kulia, kile kilio cha mtu aliyebeba mzigo mpaka akafika. Nilimwacha kidogo. Kisha nikamwambia alie haraka, kwa sababu maji ya Ruiru hufungwa mchana na banda bado chafu. Alicheka na kamasi puani. Akainuka, akafungua mfereji, akanipa mimi ufagio.